Muundo wa Atomu na Miungo ya Kikemia: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wanafunzi wa Mwaka wa Kwanza

Maswali haya hurudi kila mwaka kutoka kwa wanafunzi wa kemia wanaoanza chuo kikuu, na mengi yana chanzo kimoja: sekondari tulizoea kuisikia atomu ikielezwa kama kiumbe chenye matakwa, kinachotaka kujaza ganda lake la nje. Chuoni swali hubadilika na kuwa la nishati: elektroni zikikaa hivi badala ya vile, nishati ya jumla inapungua au inaongezeka? Majibu ya hapa chini yanashikilia swali hilo, pamoja na namba zilizopimwa maabara, kwa sababu namba hizo ndizo zinazotuonyesha mfano upi wa atomu unafaa na unafikia wapi.

Kama mfano wa Bohr una makosa, kwa nini bado tunafundishwa?

Kwa sababu ulipatia jambo moja kubwa. Mwaka 1911 Ernest Rutherford, akiwa Manchester, alionyesha kwamba karibu tungamo lote la atomu limejikusanya kwenye kiini kidogo mno chenye chaji chanya. Alifikia hapo kutokana na majaribio ya Hans Geiger na Ernest Marsden, waliorusha chembe za alfa kwenye bati jembamba la dhahabu na kuona chache kati yake zikirudi nyuma. Mwaka 1913 Niels Bohr akapendekeza kwamba elektroni ya hidrojeni inaruhusiwa kuwa na viwango fulani tu vya nishati, na kwamba nishati ya kiwango namba n ni −13.6/n² eV (elektronivolti, kipimo cha nishati kinachotumika kwa atomu).

Fanya hesabu mwenyewe. Elektroni ikishuka kutoka n = 3 hadi n = 2, tofauti ni 13.6 × (1/4 − 1/9), yaani 1.89 eV. Mwanga wenye nishati hiyo una urefu wa wimbi wa nanomita 656, na huo ndio mstari mwekundu wa spektra ya hidrojeni. Kwa mtu aliyekuwa na kalamu na karatasi tu, hayo ni mafanikio makubwa.

Mfano huo ulikwama kwenye heliamu, ambako elektroni mbili zinasukumana. Pia haukuweza kueleza kwa nini atomu mbili za hidrojeni huungana. Mwaka 1924 Louis de Broglie alipendekeza kwamba elektroni ina tabia ya wimbi; mwaka 1926 Erwin Schrödinger akaandika mlinganyo wa wimbi hilo; na mwaka 1927 Clinton Davisson na Lester Germer, huko Marekani, wakaonyesha elektroni zikitawanywa na fuwele ya nikeli kwa mpangilio ule ule unaotokea kwa mawimbi. Njia za duara zikatupwa, viwango vya nishati vikabaki.

Chaji chanya huvuta chaji hasi. Kwa nini basi elektroni haiangukii kwenye kiini?

Kwangu hili ndilo swali muhimu kuliko yote hapa, na mwanafunzi anayelielewa hupata njia rahisi katika yanayofuata.

Kwa fizikia ya zamani, ingeanguka. Chaji inayozunguka hutoa mionzi na kupoteza nishati, na hesabu huonyesha kwamba atomu ya hidrojeni ingeporomoka ndani ya muda usiofika hata sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Wengi hujibu kwamba elektroni inaokolewa na mwendo wake wa kuzunguka, kama sayari. Jibu hilo si sahihi. Katika hali yake ya chini kabisa, yaani obitali ya 1s (obitali ni umbo la wimbi la elektroni ndani ya atomu), momenta ya mzunguko ya elektroni ni sifuri. Haizunguki.

Jibu liko kwenye tabia ya wimbi. Wimbi likibanwa kwenye nafasi ndogo, mikunjo yake huwa mikali, na mikunjo mikali maana yake ni nishati kubwa ya mwendo. Kwa hiyo ukiibana elektroni karibu na kiini, mambo mawili hutokea kwa pamoja: nishati ya mvutano inashuka, na nishati ya mwendo inapanda. Ya kwanza hubadilika kwa 1/r, ya pili kwa 1/r². Ukizidi kubana, ya pili lazima ishinde. Pale jumla ya hizo mbili inapokuwa ndogo kabisa ndipo atomu inapotulia. Katika hidrojeni nishati ya mvutano ni −27.2 eV, ya mwendo ni +13.6 eV, na jumla ni −13.6 eV, ambayo ndiyo namba ya Bohr. Umbali kutoka kwenye kiini ambako elektroni ina uwezekano mkubwa zaidi wa kupatikana ni pikomita 52.9.

Ukiandika kwenye mtihani kwamba "kanuni ya Heisenberg inakataza" (kwamba mahali na momenta ya elektroni haviwezi kujulikana vyote kwa usahihi kamili), hujakosea, lakini hujaeleza. Eleza mashindano ya nishati hizo mbili.

Alama za + na − kwenye michoro ya obitali ya p zinaonyesha chaji?

Hapana. Zinaonyesha alama ya kihisabati ya wimbi, kama vile wimbi la maji linavyokuwa na sehemu iliyo juu na sehemu iliyo chini ya usawa. Chaji ya elektroni ni hasi kote. Alama hizo zina kazi moja kubwa: obitali mbili zikikutana zenye alama sawa, mawimbi huongezana na kuweka elektroni zaidi kati ya viini viwili, zikikutana zenye alama tofauti, hufutana na kuacha pengo katikati. Muungo wote wa kovalenti umejengwa juu ya hilo.

Na lile swali la elektroni "kuvuka" nodi (mahali ambapo wimbi ni sifuri) kutoka upande mmoja wa obitali ya p kwenda mwingine halitokei kabisa ukikumbuka kwamba elektroni katika obitali ni wimbi moja linalokaa pande zote mbili kwa wakati mmoja.

Tunajaza 4s kabla ya 3d, halafu tunang'oa 4s kwanza. Inawezekanaje?

Kwa sababu hatutembei barabara ile ile kwenda na kurudi. Tunapojaza, tunahama kutoka elementi moja hadi nyingine, na kila hatua inaongeza protoni kwenye kiini. Tunapong'oa, kiini hakibadiliki, zinapungua elektroni tu. Obitali ya 3d iko ndani zaidi kuliko 4s, kwa hiyo chaji ya kiini inapokuwa na nguvu zaidi kuliko idadi ya elektroni zilizobaki, 3d ndiyo inayoshuka zaidi kwa nishati. Chuma ni [Ar]3d⁶4s² ([Ar] ni mpangilio wa elektroni za agoni), lakini Fe²⁺ ni [Ar]3d⁶ na Fe³⁺ ni [Ar]3d⁵.

Kuhusu kromiamu (3d⁵4s¹) na shaba (3d¹⁰4s¹), maelezo ya "ganda dogo lililojaa nusu au lote ni imara" yanasaidia kukumbuka, ila usiyageuze kuwa sheria. Niobiamu ni 4d⁴5s¹, ambayo haijajaa nusu wala yote. Tangsteni iko kundi moja na kromiamu, lakini ni 5d⁴6s². Katika elementi hizi tofauti za nishati ni ndogo, na mambo kadhaa, yakiwemo kusukumana kwa elektroni na spini zake (sifa ya elektroni yenye mielekeo miwili), huvutana kila moja upande wake.

Kwa nini nishati ya kung'oa elektroni hushuka ghafla kwenye boroni na kwenye oksijeni?

Kwenda kulia kwenye jedwali la elementi, nishati hiyo kwa kawaida hupanda kwa kuwa chaji ya kiini inaongezeka na elektroni zilizo kwenye ganda moja hazikingani vizuri. Lakini beriliamu ni 899 kJ/mol na boroni ni 801. Nitrojeni ni 1402 na oksijeni ni 1314. Elektroni ya boroni inatoka kwenye 2p, ambayo iko juu kwa nishati kuliko 2s na haipenyi karibu na kiini kama 2s. Oksijeni nayo ina obitali moja ya 2p yenye elektroni mbili, na msukumano wao humpunguzia kazi anayeng'oa.

Je, ni kweli kwamba atomu hutaka kuwa na elektroni nane?

Atomu haitaki kitu. Kanuni ya nane, inayotokana na kazi ya Gilbert Lewis ya mwaka 1916, ni muhtasari mzuri wa matokeo, lakini haielezi sababu. Sababu utaiona ukifungua daftari la gharama na malipo ya chumvi ya mezani.

Chukua moli moja ya sodiamu kloridi. Kuigeuza sodiamu mango kuwa atomu za gesi kunagharimu 107 kJ. Kung'oa elektroni moja kutoka kwa kila atomu, 496. Kuvunja nusu moli ya Cl₂ ili kupata atomu za klorini, 122. Klorini inapopokea elektroni inarudisha 349. Jumlisha: 107 + 496 + 122 − 349 = 376 kJ. Tunadaiwa. Sodiamu imeshapata nane zake, klorini imeshapata nane zake, na bado tuko kwenye hasara ya 376 kJ. Kama kuwa na nane ndiko kungekuwa chanzo cha muungo, hesabu ingeishia hapo na chumvi isingekuwepo.

Deni linalipwa pale ioni hizo zinapojipanga kuwa fuwele, kila Na⁺ ikizungukwa na Cl⁻ sita na kila Cl⁻ ikizungukwa na Na⁺ sita. Tunajua kwa kupima kwamba kuunda chumvi kutoka kwa elementi zake hutoa 411 kJ kwa moli. Basi fuwele lazima iwe imelipa 376 + 411, yaani 787 kJ. Hiyo ndiyo nishati ya fuwele.

Sasa jiulize kwa nini hakuna NaCl₂. Elektroni ya pili ya sodiamu inadai 4562 kJ/mol kwa sababu inatoka kwenye ganda la ndani, na hakuna fuwele ya ioni hizo inayoweza kulipa gharama hiyo. Magnesiamu oksaidi inafuata njia hiyo hiyo: oksijeni kupokea elektroni ya pili ni gharama na si faida, kwa kuwa O⁻ inaisukuma, lakini fuwele ya Mg²⁺ na O²⁻ inalipa karibu 3800 kJ/mol. Ndiyo maana MgO huyeyuka kwenye nyuzijoto zipatazo 2800 za Selsiasi wakati chumvi ya mezani huyeyuka kwenye 801.

Fikra za namna hii ndizo zilizompeleka Neil Bartlett, akiwa Kanada mwaka 1962, kutengeneza kampaundi ya zenoni. Alikuwa ameona platini heksafloridi ikimnyang'anya elektroni molekuli ya O₂. Akatambua kwamba nishati ya kung'oa elektroni kutoka kwenye zenoni inakaribiana sana na ya O₂. Zenoni ilikuwa na nane zake zote, na ilikubali.

Kuvunja muungo hutoa nishati, sivyo? Tunasoma hivyo kuhusu ATP, molekuli inayobeba nishati ndani ya seli.

Sivyo kamwe. Kuvunja muungo wowote kunahitaji nishati. Kuunda muungo ndiko kunakotoa. Kutenganisha moli moja ya H₂ kuwa atomu kunahitaji 436 kJ, na zikiungana tena hurudisha hizo hizo 436.

Mfano ni kuungua kwa methani, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya gesi asilia inayotoka Songo Songo, Tanzania. Tunavunja miungo minne ya C–H (413 kila mmoja) na miwili ya O=O (498 kila mmoja), jumla 2648 kJ. Tunaunda miungo miwili ya C=O kwenye CO₂ (799 kila mmoja) na minne ya O–H (463 kila mmoja), jumla 3450 kJ. Faida ni 802 kJ kwa moli. Joto la moto linatokana na miungo mipya iliyo imara zaidi, pamoja na ukweli kwamba muungo wa O=O ni dhaifu ukilinganishwa na ile inayochukua nafasi yake.

ATP ni hivyo hivyo. Muungo wa fosfati unapovunjwa kwa maji, mingine inaundwa, na bidhaa kwa jumla ziko chini kwa nishati.

Mpaka kati ya muungo wa ioni na wa kovalenti uko wapi?

Hakuna mpaka. Ile kanuni ya kwamba tofauti ya elektronegativiti (uwezo wa atomu kuvuta elektroni za muungo) ikizidi 1.7 muungo ni wa ioni inavunjika haraka ukitumia vipimo vya Linus Pauling. Hidrojeni floridi ina tofauti ya 1.78, lakini ni molekuli inayochemka kwenye nyuzijoto zipatazo 20. Sodiamu hidridi ina tofauti ya 1.27 tu, lakini ni fuwele ya ioni za Na⁺ na H⁻. Tazama kwanza dutu yenyewe: inayeyuka kwenye joto gani, je, ikiyeyuka inapitisha umeme, atomu zake zimepangwaje. Kisha ndipo utumie namba.

Obitali haibridi za sp³ zipo kweli ndani ya methani?

Methani ina miungo minne iliyo sawa kabisa yenye pembe za nyuzi 109.5, na sp³, yaani mchanganyiko wa obitali moja ya s na tatu za p, inaeleza umbo hilo vizuri. Lakini ukiirushia methani mionzi yenye nishati kubwa na kupima elektroni za nje zinazong'oka, hupati kundi moja la nishati. Unapata mawili: moja karibu na 14 eV na jingine karibu na 23 eV. Kama elektroni zote nane zingekuwa kwenye obitali nne zenye nishati moja, matokeo hayo yasingetokea. Obitali za molekuli nzima zinayaeleza: tatu zinatokana na 2p za kaboni, moja inatokana na 2s.

Kwa hiyo sp³ ni lugha ya kuelezea umbo, na kwa kemia ya kaboni ni lugha nzuri sana. Itumie bila wasiwasi. Usiitumie kutabiri spektra. Na usiilazimishe kila mahali. Maji yana pembe ya 104.5, ambayo haiko mbali na 109.5, lakini H₂S ina pembe ya 92, karibu sawa na pembe kati ya obitali za p zenyewe.

Kwa nini oksijeni ya kimiminika hunaswa na sumaku?

Mchoro wa Lewis wa O=O una elektroni zote zikiwa jozi, na dutu yenye jozi tupu haivutwi na sumaku. Maabara inasema tofauti: ukimimina oksijeni ya kimiminika kati ya ncha mbili za sumaku yenye nguvu, inanasa pale. Lazima kuna elektroni zisizo na wenza.

Nadharia ya obitali za molekuli, iliyojengwa na Robert Mulliken na Friedrich Hund, inajibu bila kulazimisha kitu. Weka elektroni 12 za nje za O₂ kwenye obitali kuanzia chini: nane zinaingia kwenye obitali zinazounganisha, nne kwenye zinazopinga muungo. Mbili za mwisho zinakuta obitali mbili za π* (aina ya zinazopinga) zenye nishati sawa, na kwa kanuni ya Hund kila moja inakaa peke yake, spini zikielekea upande mmoja. Hizo ndizo zinazovutwa. Idadi ya miungo ni (8 − 4)/2 = 2, kama Lewis alivyosema.

Kisha inafanya kitu ambacho Lewis hawezi. Ng'oa elektroni moja upate O₂⁺: inatoka kwenye obitali inayopinga, kwa hiyo muungo unapaswa kuimarika hadi 2.5 na kufupika. Umepimwa: kutoka pikomita 121 hadi 112. Ongeza elektroni mbili upate ioni ya peroksaidi, muungo unashuka hadi 1 na urefu unafika kama 149.

Kaboni monoksaidi: kwa nini upande wa kaboni ndio unaoshika chuma cha damu, wakati oksijeni ndiyo inayovuta elektroni zaidi?

CO ina elektroni kumi za nje kama N₂, na muungo wake wa zaidi ya 1070 kJ/mol unazidi hata ule wa N₂, ambao ni 945. Oksijeni kweli huvuta elektroni za muungo, lakini obitali ya juu kabisa yenye elektroni imeegemea kaboni na kuchomoza nje upande huo. Matokeo ni kwamba CO ina tofauti ndogo sana ya chaji kati ya ncha zake, na ncha yenye hasi kidogo ni ya kaboni. Jozi hiyo ndiyo inayoshika chuma cha himoglobini, kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200. Familia zinazolala na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa hufa kwa sababu hii hasa. Mwanakemia anayeijua ana wajibu wa kuisema nyumbani kwao.

Almasi na grafiti zote ni kaboni. Tofauti inatoka wapi?

Tanzania ina zote mbili, almasi ya Mwadui na grafiti ya Mahenge. Katika almasi kila kaboni imeshikana na nne nyingine kwa miungo ya pikomita 154, pande zote, bila kikomo. Katika grafiti kila kaboni imeshikana na tatu kwa miungo mifupi zaidi, pikomita 142, kwenye tabaka bapa, na tabaka hadi tabaka ni pikomita 335. Miungo ya ndani ya tabaka ni imara kuliko ya almasi. Ulaini unatoka kati ya tabaka. Kwenye hali ya kawaida grafiti ndiyo iliyo chini kwa nishati, kwa kama 2 kJ/mol. Almasi haigeuki kwa sababu kuivunja ili ijipange upya kunahitaji nishati nyingi mno.

Maji yakichemka, miungo ipi inavunjika?

Ya hidrojeni, iliyo kati ya molekuli na molekuli, yenye kama 20 kJ/mol kila mmoja. Miungo ya O–H, yenye 463, haiguswi. Mvuke ni H₂O kamili.

Kwa nini kwa nishati ya fuwele ya chumvi ya mezani kitabu kimoja kinaandika 787, kingine 786, na kingine −788?

Alama ya kutoa inategemea mwandishi anaelezea kuunda fuwele au kuitenganisha. Tofauti ndogo za namba hutokana na joto lililochaguliwa, sifuri kelvini au 298, na kama ni nishati ya ndani au enthalpi (joto linalobadilishwa wakati kanieneo haibadiliki). Kwenye mtihani tumia namba ulizopewa kwenye swali, taja mwelekeo wa badiliko unaloandika, na ukihitaji kuhama kutoka eV kwenda kJ/mol zidisha kwa 96.485. Ukijaribu na 13.6 ya hidrojeni utapata 1312.